Corolla 100 inakula betri kila wikiendi, fundi anataka nibadili alteneta. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Kihonda

Habari za saa hizi wakuu.

Nina Corolla 100 ya mwaka 1994, injini 5A, niliyoachiwa na mjomba aliporudi kijijini. Injini haina neno, mafuta linanusa tu. Shida ni umeme. Siku za kazi asubuhi stata inajivuta kama mzee aliyeamshwa usingizini, lakini linawaka. Nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu halina kitu. Nikiweka swichi taa za dashibodi zinafifia, stata inasema tik tik tik, basi. Hapo ni kuita vijana wa bodaboda wasukume, au jirani mwenye Carina anibusti.

Betri nimenunua mbili. Ya kwanza, NS60 ya sh 190,000, ilidumu miezi saba. Ya pili ina miezi minne na imeanza tabia zile zile. Safari hii fundi kafungua boneti, kagusisha bisibisi nyuma ya alteneta (kile kifaa kinachochaji betri injini ikiunguruma), kasema "hii imekufa, haichaji", nimpe sh 280,000 anitafutie ya mtumba. Nikamuuliza kaipima na nini, akacheka.

Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka nikiweka swichi, na inazima injini ikishawaka. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kabla sijatoa hiyo hela, kuna namna ya kujua tatizo ni nini hasa? Ninayo ile mita ndogo ya njano, mjomba aliiacha kwenye droo.

Nguchiro

Uza, nunua bodaboda. Bodaboda ikigoma unapiga kiki.

Mzee wa Spana

Mwalimu, bisibisi inaonyesha sumaku tu, kwamba alteneta inapata umeme wa kuamkia. Volti haionyeshi. Na taa ya betri kuzima haina maana kila kitu ndani ni kizima.

Chukua hiyo mita, zungusha kwenye DC 20 (volti za umeme wa betri). Pima betri mara tatu uniletee namba. Ya kwanza asubuhi kabla hujagusa chochote: betri nzima iliyojaa husoma 12.6 hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ya pili injini ikiwa inaunguruma bila mzigo. Ya tatu injini ikiunguruma, washa taa kubwa, feni ya ndani na redio, mtu akanyage mafuta kidogo. Mbili za mwisho zikae kati ya 13.8 na 14.5.

Halafu asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kuwasha, weka kiganja juu ya alteneta, kisha uguse injini pembeni yake. Niambie kipi kina joto.

Dereva wa Masafa

Mnamzungusha mwalimu bure. Washa gari, toa terminali ya betri likiwa linaunguruma. Likizima, alteneta imekufa. Likiendelea, nzima. Dakika moja, hakuna mita.

Mzee wa Spana

Mwalimu USIFANYE HIVYO.

Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa ghafla wakati alteneta inasukuma, regyuleta (kidhibiti volti) haiwahi kupunguza, volti zinaruka mara kadhaa ya kawaida, na cha kwanza kuungua ni dayodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Cha pili ni kontroli boksi, kompyuta ya injini, maana 5A ya mwalimu ni ya EFI (mafuta yanapulizwa kwa kompyuta). Utakuwa umeipima alteneta kwa kuiua.

Dereva wa Masafa

Nimefanya miaka ishirini, sijaua gari.

Mzee wa Spana

Land Rover za enzi za dainamo hazikuwa na kompyuta, kaka. Hata ungemtoa dereva zingeendelea.

Mwalimu wa Kihonda

Nimepima leo Jumamosi. Asubuhi 12.1. Injini ikiunguruma 13.7. Nikiwasha taa na feni inashuka hadi 12.9, hata mtoto akikanyaga mafuta haipandi.

Halafu kuna kitu kimenitisha. Niliona mahali kwamba alteneta mbovu hupimwa kwa AC, upande wa umeme kama wa nyumbani, nikazungusha huko, mita ikasoma 26! Volti 26 kwenye gari la volti 12 ni salama kweli?

Na mzee, umejuaje? Injini ilikuwa baridi kabisa, ina umande wa Uluguru. Alteneta ilikuwa vuguvugu. Ndogo, kama kikombe cha chai kilichosahaulika, lakini vuguvugu.

Mama Waya Nakuru

Mwalimu usitishike, hiyo 26 ni uongo wa mita. Mimi niko Nakuru, nimefanya hii kazi ya stima ya magari miaka kumi na moja. Hiyo mita ya yellow upande wa AC ina reinji mbili tu, 200 na 750, na haijui kutenganisha DC. Ukiiwekea betri ya kawaida mezani, hata bila gari, itakuonyesha karibu mara mbili. Geuza waya, inasoma sufuri. Kwa mita nzuri ripu (mabaki ya AC ndani ya DC) ikizidi nusu volti hivi unashuku dayodi, lakini kwa hiyo yako wachana na AC kabisa.

DC yake ni sawa tu. Na namba zako za DC zinaongea: alteneta inachaji, lakini ikipewa mzigo inachoka. Angalia mkanda kwanza, kama unateleza au umelegea. Kama mkanda ni mzuri, na alteneta ina joto asubuhi, hapo ndani kuna dayodi inarudisha stima ya betri usiku kucha.

Sansuri

Mie nipo Unguja, huku chumvi inakula kila kitu. Kabla hamjafungua alteneta mwambieni aangalie athi. Gari yangu ilinisumbua mwaka mzima, kumbe waya wa hasi pale unapofungwa kwenye injini umeota kutu chini ya bolti, juu unang'aa.

Kipimo chake chepesi. Mita kwenye DC 20, ncha moja juu ya nguzo ya hasi yenyewe, ile ya risasi, si kwenye kibano. Ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2 umeme unapotelea njiani.

Mzee wa Spana

Sansuri kasema kweli, fanya na hicho. Stata ya uvivu inaweza kuwa athi, na betri kuisha wikiendi kukawa jambo jingine. Magari ya umri huu yana maradhi mawili mawili.

Sasa twende kwenye kupima kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Soma yote kabla hujashika kitu.

Mlango wa dereva uache wazi, lakini ile swichi ya kwenye fremu ya mlango ibane kwa utepe ili taa ya ndani izime, maana utahitaji kufikia fyuzi za chini ya dashibodi. Funguo weka mfukoni. Kwenye mita hamisha waya mwekundu uingie tundu la 10A, zungusha kwenye 10A. Legeza kibano cha HASI kwenye betri, ukitoe. Ncha nyekundu iguse kibano ulichotoa, nyeusi nguzo ya hasi. Mita sasa imekaa katikati ya njia, kila kinachovutwa kinapita ndani yake. Subiri dakika kumi hivi, alamu ikiwepo itulie.

Hapo usiweke swichi, usipige stata. Stata inavuta zaidi ya ampea mia, na hilo tundu la 10A la mita ya njano halina fyuzi. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu lake SAA HIYO HIYO. Mwanafunzi wangu alisahau, akaenda kupima volti za betri na waya ukiwa bado kwenye 10A. Ni sawa na kuunganisha chanya na hasi kwa msumari. Waya za mita ziliyeyuka mkononi mwake.

Gari kama lako, lenye saa na redio, lisizidi ampea 0.05. Ukiona zaidi, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia namba, na kila uliyochomoa irudishe kabla ya kwenda nyingine.

Nguchiro

Taa ya buti msiisahau. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, kaa sekunde kumi, fungua uangalie. Ya kwangu ilikuwa inawaka humo gizani peke yake. (Naona leo nimesaidia.)

Mwalimu wa Kihonda

Nimerudi, nina grisi hadi kwenye miwani.

Mkanda uko sawa. Taa ya buti inazima, nina video ya giza kama ushahidi. Athi: mtoto kapiga stata, mita imesoma 0.7! Nikafungua bolti ya kwenye injini, chini yake kuna unga wa kijani na kutu. Nimesugua kwa msasa, nikapaka grisi kidogo juu, nikafunga. Sasa 0.1 na stata inazunguka kijana kabisa. Sansuri, Mungu akuweke.

Umeme unaoliwa: 0.64. Nikaanza fyuzi. Ile iliyoandikwa DOME ikashusha hadi 0.61, ni saa na redio, maana saa ilizima. Nikairudisha. Alamu ya mtaani aliyofunga mjomba nikachomoa soketi yake, ikashuka 0.02 tu. Nikairudisha. Nyingine zote, za chini ya dashibodi na za kwenye injini, hakuna mabadiliko. Nimechomoa zote, bado kuna 0.59 inakwenda mahali. Inakwenda wapi kama fyuzi zote ziko mezani?

Mama Waya Nakuru

Inaenda pale tulisema. Waya mnene wa alteneta hauguswi na hizo fyuzi ndogo, unapita kwenye ile kubwa ya kufungwa kwa bolti, imeandikwa ALT, na hiyo hukuichomoa. Toa mita, hakikisha kibano cha hasi hakigusi betri. Nyuma ya alteneta kuna nati yenye kofia ya mpira, imeandikwa B. Fungua huo waya, uufunge vizuri na utepe, usiguse bodi. Rudisha fyuzi zote mahali pake, kisha rudisha mita vile ilikuwa na usome. Usiwashe gari waya ukiwa umetolewa.

Mwalimu wa Kihonda

0.05.

Nimekaa chini nikacheka. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi?

Mzee wa Spana

Alibahatisha kifaa, ugonjwa akaukosa. Alisema haichaji, na inachaji, ingawa kwa kuchechemea. Mtumba ambao angekuletea ungekuwa na dayodi za umri ule ule.

Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha kwa 0.64. Unapata ampea-saa 38 na kidogo, na NS60 ikiwa mpya ina 45. Siku za kazi usiku mmoja unakula 8 tu, ndiyo maana lilikuwa linawaka kwa shida. Na betri ya gari ikimalizwa hadi chini kila wiki haina maisha. Risasi zinashika ukoko mweupe usiotoka kwa kuchaji. Betri ya kwanza uliiua hivyo bila kujua.

Ing'oe alteneta (hasi ya betri kwanza!), nenda nayo kwa fundi wa stata na alteneta, hao wanaofungua na kufunga mezani. Mwambie unataka sahani ya dayodi na kaboni (zile brashi za ndani), na usimame hapo hapo. Dayodi nzima inasoma upande mmoja tu.

Dereva wa Masafa

Si angetoa tu terminali kila akilala? Mimi ndivyo ninavyofanya na Canter.

Sansuri

Na mvua ikivuja ndani unaweka ndoo, eh?

Mwalimu wa Kihonda

Mrejesho, maana nachukia nyuzi zinazoishia hewani.

Nimeipeleka mjini kwa kijana mmoja ana benchi chini ya mwembe. Kaifungua mbele yangu, kapima dayodi moja moja. Tano zilisoma upande mmoja na kugoma wa pili. Ya sita ilisoma pande zote mbili. Kaboni moja ilibaki fupi kuliko punje ya mahindi. Sahani sh 45,000, kaboni 8,000, ufundi 20,000. Beringi kasema bado.

Nimeifunga Jumamosi mchana. Injini ikiunguruma 14.2, na taa na feni 13.9. Betri niliipeleka ikachajiwe taratibu usiku mzima kwanza, Mama Waya alinishauri pembeni kwamba nisiiachie alteneta mpya mzigo wa kufufua maiti. Leo Jumatatu asubuhi, 12.5. Alteneta baridi kama injini. Limewaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo, na vijana wa bodaboda pale kona wameshangaa, mmoja alikuwa ameshaanza kuja.

Swali la mwisho: ile betri ya kwanza bado iko stoo. Inafufuka?

Mama Waya Nakuru

Ukiwa na ile haidromita ya kunyonya maji ya betri na kupima uzito wake, pima vyumba vyote sita baada ya kuchaji. Vyote vikikaribia 1.26, una bahati. Kimoja kikiwa chini sana ya wenzake, peleka kwa wanaonunua betri mbovu. Maji ukiongeza, yale ya betri ya dukani, si ya bomba.

Nguchiro

Mwalimu, hiyo mita ya njano unauza?

Mwalimu wa Kihonda

Haipo. Mwenye Carina kaiazima tangu jana, naye anasema gari lake Jumatatu linakuwa zito.