Salsa, bachata au kizomba? Naombeni ushauri, nimekwama

TegetaNyuki (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mimi ni mdada, miaka 31, nipo Dar, nimeajiriwa. Nimeamua nijifunze dansi la wawili, la kueleweka, siyo hili letu la harusini la kupunga kitambaa na kuzunguka meza ya keki. Nimepita kumbi kadhaa kujaribu. Kuna salsa, kuna bachata, kuna kizomba, na kila mwalimu anakwambia ya kwake ndiyo ya kuanzia. Salsa muziki wake naupenda ila inakimbia: nikifuata mguu napoteza mkono, nikifuata mkono napoteza mguu. Bachata nimeishika siku hiyo hiyo ila naona kama inachosha. Kizomba... tuseme tu nimeielewa.

Vigezo vyangu: isiniumize goti, isiwe ya gharama, na isiwe ya kushikana sana. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie. Matusi hapana. Nawasilisha.

Kisiki cha Mpingo
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wataalamu waje.

MzeeWaKariakoo
Binti, mnahangaika na vya watu wakati vya kwenu vimelala. Sisi Jumamosi ikifika ni ukumbi wa DDC Kariakoo, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na hakuna aliyekufundisha. Sikinde ngoma ya ukae unaicheza hivi, Msondo unaicheza vile, Maquis wakija na Kamanyola bila jasho unajua leo ni taratibu, shati halilowi. Mlimani Park, hao hao Sikinde, ilipoanza 1978 watu waligawanyika, ndugu kwa ndugu hawakai meza moja. Marehemu baba yangu ndiyo usiseme, yeye alikuwa wa wolzi na foksitroti, enzi za mkoloni, klabu za dansi zikiwa na mashindano na viatu vinang'aa. Mtu mwenye mguu mbaya anajulikana mtaa mzima.

Sasa hivi vijana mnalipa ada ili mfundishwe kutembea.

Kisiki cha Mpingo
Mzee swali lilikuwa salsa au bachata 😂

MzeeWaKariakoo
Nimelijibu. Soma tena.

SoliYaNgozi
Nafundisha, kwa hiyo nijibu kitaalamu kidogo.

Salsa inahesabiwa nane lakini hatua ni sita tu: moja mbili tatu, kimya, tano sita saba, kimya. Wanaoanza wengi wanapotea pale kwenye nne na nane kwa sababu wanaogopa kusimama, wanaujaza ule ukimya na hatua ya uongo, basi wanakuwa mbele ya muziki mpaka wimbo unaisha. Halafu salsa siyo moja. Ya Los Angeles inaanzia kwenye moja na inakwenda kwenye mstari. Ya New York, aliyoisambaza sana Eddie Torres, mguu unavunja, yaani unabadili mwelekeo, kwenye mbili. Ya Cuba inazunguka, na ndiyo inayochezwa kwa duara mkibadilishana wenzi. Ukijaribu kumbi tofauti bila kujua hili lazima uchanganyikiwe, umefundishwa vitu tofauti kwa jina moja.

Bachata ya Jamhuri ya Dominika ni hatua tatu na ya nne unagusa tu, nyonga inapanda. Mlango wake ni mwepesi, ila nyumba ni kubwa. Anayesema inachosha hajawaona Wadominika wenyewe wanavyocheza miguu.

Kizomba imetoka Angola, Luanda, miaka ya 1980, semba ya kwao ikichanganyika na zouk iliyotoka visiwa vya Karibi. Polepole, chini chini, na kuongozwa ni kwa kifua. Hiyo kigezo chako cha tatu inakikataa kabisa. Sasa sijaelewa kwa nini umeiweka kwenye orodha.

Goti: usicheze na raba. Soli ya mpira inashika sakafu, wewe unageuka, kinachozunguka ni goti. Mpe fundi viatu akubandikie ngozi chini, hata kiatu cha mtumba kinafaa.

TegetaNyuki
Asante sana mwalimu, hii ndiyo nilikuwa naitaka. Ya kiatu sikuijua. Kizomba nimeiweka kwa sababu nayo nimeijaribu, basi.

Mama Wawili
Mdogo wangu, uzoefu wangu ni huu. Mimi mume wangu alianza joging. Kila Jumapili alfajiri, fulana ya klabu, filimbi, na kuimba barabarani. Nikafurahi, sukari itashuka. Sukari haikushuka. Nikaanza kujiuliza joging gani mtu anarudi ananukia marashi kuliko alivyoondoka. Siku moja nikavaa raba nikaungana nao Mwananyamala, nilikimbia nyuma yao mpaka nikaona ninayoyaona. Sitaki kusema mengi. Tunaendelea kuishi.

Kwa hiyo nauliza: hicho kigezo cha "isiwe ya kushikana" kimetoka wapi? Una mtu?

TegetaNyuki
Da, nimesikitika kwa hilo. Ndiyo, nina mchumba. Ila hahusiki kwenye mada.

Kisiki cha Mpingo
Hapa ndipo tulipokuwa tunapasubiri. Nasogeza kiti.

Ustadh wa Mbagala
Asalaam aleikum. Dada yangu, kumshika mtu ajnabi kifua kwa kifua halafu unauliza ipi isiyo na gharama, wewe gharama unayoiona ni ada ya darasa tu? Mchumba ana habari?

TegetaNyuki
Waaleikum salaam ustadh. Anajua nafanya mazoezi.

Mama Wawili
Mazoezi GANI, mdogo wangu?

TegetaNyuki
Zumba. Nimemwambia zumba. Yuko Muscat kikazi, hawezi kuelewa hivi vitu kwa simu, ataanza kufikiria mengine. Yeye ndiye ananitumia hela ya mazoezi, sasa nikimwambia natumia kwenye dansi si ataona namchezea akili? Na jamani mimi sijafanya kosa lolote.

Jasho la Singeli
Kumtetea kidogo: zumba yenyewe ndani yake kuna salsa na merengue, aliyeibuni ni Mkolombia. Kwa hiyo uongo wake una ukweli wa asilimia fulani 😂😂

Ila mimi ningekushauri singeli. Haina kushikana hata kidogo, kila mtu na jasho lake. Muziki unapita mapigo 200 kwa dakika, ukicheza nyimbo tatu umemaliza mazoezi ya wiki. Imezaliwa hapa hapa, Manzese, Tandale, ada hakuna. Na mchumba ukimwambia zumba hatajua tofauti.

PwaniYaTudor
Dadangu, mimi ni wa huku Mombasa. Jifunze chakacha, inafundishwa na wanawake kwa wanawake, ndani, hakuna mwanamume wa kukushika wala wa kukuchungulia. Huyo wa Muscat akirudi utamchezea yeye peke yake. Tatizo lishatatuka.

Ustadh wa Mbagala
Huyu wa Mombasa kaongea la maana.

SoliYaNgozi
Turudi kwenye swali. TegetaNyuki, nisamehe kwa kukuuliza hadharani. Umeshajiandikisha wapi? Maana mtu anayechagua kati ya vitatu haongei hivi kuhusu kimoja.

TegetaNyuki
Mwalimu bwana. Haya. Nimelipa kizomba, miezi mitatu. Walikuwa wanatoa punguzo wakati ule. Lakini bado naweza kubadilisha, ndiyo maana nimeuliza.

Na msiifikirie vibaya. Mkono wake unakaa mgongoni chini ya bega, siyo kiunoni, mwalimu wetu ni mkali kwa hilo. Wa kwangu unakaa begani kwake. Unafumba macho. Uzito wake ukihamia mguu wa kushoto wewe unaujua kabla hajanyanyua. Mimi kutwa nzima naangalia hesabu za watu kwenye kompyuta, hapo ndipo mahali pekee ambapo kichwa kinanyamaza. Kwenye salsa akili inahesabu, kwenye kizomba haihesabu. Sasa mtaniambia hapo kuna dhambi gani?

Mama Wawili
"Mkono WAKE." Wa nani?

TegetaNyuki
Wa mwenzangu wa darasani. Kila mtu ana mwenzake. Ni kijana mstaarabu tu, anafanya kazi bandarini, hata namba yake sikuitafuta mimi.

Kisiki cha Mpingo
Hata namba yake sikuitafuta mimi 😭😭😭 nimeanguka kitandani

Mama Wawili
Nilijua. Nilijua tangu "tuseme nimeielewa".

Ustadh wa Mbagala
Innalillahi.

SoliYaNgozi
Darasa zuri halimpi mtu mwenza wa kudumu, mnabadilishana kila baada ya wimbo au nusu wimbo. Ukicheza na mmoja tu unazoea mwili wake, hujifunzi kufuata. Akikosa siku moja unakuwa kama hujawahi kufundishwa. Hili nalisema kwa upande wa dansi, mengine siyaingilii. Na kama shida kweli ni ukaribu, ipo ile ya Paris, urban kiz, imechipuka kwenye kizomba lakini wenza wanasimama mbali kidogo, mistari iliyonyooka na kugeuka kwingi. Waulize kama wanayo.

TegetaNyuki
Hawana. Na tulianza kubadilishana, ila mimi na yeye ndio tunaoelewana kwa kimo.

Mtaa wa Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Tupo wengi tunaosoma huku na tunajuana. Huyo mchumba anafanya kazi upande gani? Jina linaanza na herufi gani? Nauliza tu.

TegetaNyuki
Hapana jamani, hapana. Nimeomba ushauri wa dansi.

Karani Mstaafu
Wakuu, hivi mimi tu ndiye nasikia harufu ya chai? Tena ya tangawizi?

Nimepitia nyuzi za nyuma za huyu mleta mada. Mwaka jana ID hii hii ilikuwa jukwaa la ufugaji inauza vifaranga vya kuroiler, na iliandika, nanukuu: "mimi ni baba wa watoto wawili, nipo Kahama". Leo ni mdada wa Tegeta mwenye mchumba Muscat. Mnapoteza hekima zenu bure.

Kisiki cha Mpingo
Uzi umegeuka kuwa mtamu mara mbili.

TegetaNyuki
ID ni ya kaka yangu. Alinipa nikaitumie kwa sababu sikutaka kufungua yangu. Kwani kuna sheria inakataza?

Karani Mstaafu
Kaka yuko Kahama, ID inaitwa Tegeta. Endelea.

TegetaNyuki
Alikuwa Tegeta kabla hajahamia Kahama!

Jasho la Singeli
Mimi naona ni kweli. Hakuna mtu anayetunga habari ya kimo.

Karani Mstaafu
Mtunzi mzuri ndiyo anatunga kimo. Mwalimu SoliYaNgozi, hebu mpime. Kama anacheza kizomba kweli atajibu.

SoliYaNgozi
Sipendi kumweka mtu mtihani, lakini haya. Dada, kwenye saida, ile hatua ya kutoka ya kizomba, anatoka nani?

TegetaNyuki
Inategemea ni ipi. Ya mwanaume anatoka yeye kando yangu, ya mwanamke natolewa mimi kando yake. Ya mwanamke ndiyo ilinisumbua, nilikuwa natoka kabla hajanipa nafasi, mwalimu akasema naondoka kama mtu anayewahi daladala.

SoliYaNgozi
Amejibu sawa. Na kosa hilo wanaoanza wote wanalifanya.

Karani Mstaafu
Google ipo kwa wote, mwalimu. Dakika kumi na moja kati ya swali na jibu.

SoliYaNgozi
La kutoka mapema halipo Google. Hilo linapatikana sakafuni.

MzeeWaKariakoo
Sasa mnabishana kama yupo au hayupo, na kama hayupo si swali bado lipo? Kuna vijana wengine wanasoma hapa. Mimi namshauri huyo asiyekuwepo aende Bagamoyo, chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, akajifunze sindimba ya Wamakonde. Nyonga hiyo, bachata haioni ndani. Na hakuna mtu wa bandarini.

PwaniYaTudor
Mzee sindimba nayo hutazamwa na watu wote uwanjani, mimi nashikilia chakacha.

Bukavu Kwetu
Mnasahau rumba ya Kongo. UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni Desemba 2021, yetu na ya wenzetu wa Brazzaville pamoja. Kwetu baba anacheza na binti yake kwenye harusi, shangazi na mpwa, hakuna anayeshangaa. Unashikana, ndiyo, lakini mbele ya familia nzima. Angemsubiri mchumba wake arudi wakaijifunza wote wawili, haina hata hesabu.

Mama Wawili
Huyu wa Bukavu apewe uzi wake. TegetaNyuki, umeliona hilo? Arudi lini huyo mchumba?

TegetaNyuki
Mwezi wa kumi na mbili. Ila yeye hachezi. Nimeshamjaribu, harusini anakaa na simu. Na hela yangu ya miezi mitatu nani ananirudishia? Mimi nafikiri nimalize kwanza hii niliyolipia, halafu nikimaliza ndiyo nione kama nihamie salsa.

Ustadh wa Mbagala
Yaani ulikuja na jibu lako mfukoni.

Mama Wawili
Wote tunakuja hivyo, ustadh. Mdogo wangu, mwambie tu ni kizomba. Asipokuelewa leo kwenye simu hatakuelewa na Desemba sebuleni.

Mtaa wa Ruwi
Kuna jamaa hapa tunakaa naye, kaniomba nimtumie huu uzi. Anatoka Dar. Nimtumie nisimtumie?

Kisiki cha Mpingo
TUMA

Jasho la Singeli
Usitume wewe!!

Karani Mstaafu
Tuma tu, mchumba mwenyewe hayupo duniani.

Mfugaji wa Kibaha
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Vile vifaranga vya kuroiler bado vipo?

TegetaNyuki
Vipo mkuu. Vya wiki tatu, vimeshachanjwa kideri na gumboro. Njoo PM.