Mtaro wa bondeni: waanzie juu barabarani au chini ziwani?

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, mtaa wetu uko bondeni, juu yetu kuna barabara ya lami na nyumba nzurinzuri, chini ndo tunaishi sisi wa maji. Juzi kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa manispaa inafikiria kutujengea mtaro wa mawe, ila bajeti haifiki, kwa hiyo wanataka waanze na kipande cha juu pembeni ya lami, halafu kile cha kuteremka mpaka ziwani kitakuja awamu ya pili. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono nikapinga na mpaka leo kuna majirani salamu zao zimekuwa fupi, ndo maana naleta hapa tujadiliane.

Msimamo wangu ni huu, kama hela ni ya kipande kimoja wajenge cha chini kwanza, la sivyo waache kabisa.

Sikilizeni. Mvua ya milimita 50 siyo ajabu kwetu, kati ya Novemba na Aprili unaweza kuipata jioni moja tu. Hiyo ikinyesha kwenye hekta moja ni lita laki tano, yaani maboza 50 ya lita elfu kumi kumi. Zamani kule juu kulikuwa na miembe, michikichi na mashamba ya mihogo, maji mengi yanazama hukohuko, sasa hivi ni mabati na pevingi, yote yanashuka. Lakini bado yanashuka kwa kuzungukazunguka, yanapita kwenye magimbi ya watu, mengine yanapotelea kwenye mchanga, mpaka yatufikie tumeshapandisha magodoro juu ya meza na bibi ameshahamishiwa kwa jirani. Sasa jenga mtaro laini wa mawe na saruji kule juu uone, yatafika yote kwa mpigo, halafu mtaro wenyewe unaishia kona ya msikiti na mbele hakuna njia. Watu wa Katubuka hapahapa mjini wenye lile bwawa lao wanajua maana ya maji kukosa pa kutokea.

Na hapo konani kuna kalavati la bomba la sentimita 60. Mwezi wa tatu tulilizibua wenyewe na majembe, tukatoa godoro la mtoto, viroba, ndoo isiyo na mpini, na chini kabisa mifuko ya rambo imegandamana na tope kama kurasa za kitabu kilicholowa, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini kwetu bado ipo kazini. Maji yakapita vizuri siku mbili. Bomba la sentimita 90 kwenye mteremko uleule lingepitisha karibu mara tatu ya hilo, sasa kwa nini tusianze hapo jamani.

Kuna wanaosema mlijitakia, nani aliwaambia mjenge bondeni. Sawa, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ziwani au mtoni, lakini kwetu si ziwani wala mtoni, ni bonde kavu ambalo mvua ikikata unaanika dagaa. Tumenunua kwa karatasi zenye muhuri wa serikali ya mtaa, umeme tumefungiwa, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye luku hiyohiyo. Leo ndo nimevamia?

Hoja iliyonikaba ni ya fundi mmoja pale mkutanoni, kasema ziwa lenyewe halitabiriki, 2021 na tena 2024 lilipanda mpaka likaingia kwa watu kule Kibirizi, mdomo wa mtaro ukiwekwa chini sana maji ya Tanganyika yatatufuata mpaka uani. Hapo kanishika. Basi wapime kwa kimo cha ziwa likiwa limejaa, wasije kupima Septemba wakati limeshuka wakasema mteremko unatosha.

Ila tuseme ukweli, sababu ya kuanzia juu siyo ya kiufundi. Juu hakuna nyumba ya kuvunja. Chini zipo, na zikipigwa X inabidi mthamini aje, fidia ilipwe, na hapo ndo kila mtu anaangalia saa. Moja ya hizo nyumba ni ya mama mdogo wangu, vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, ukutani kuna mistari ya maji ya kila mwaka, mpaka tunaitumia kupimia urefu wa watoto. Kwa hiyo mtu asiniambie naongea kirahisi kwa sababu haijanigusa.

Kingine kinachonichosha, mtaro wa barabara ni wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), taka za ndani ya mtaro ni za manispaa, maji yakishaingia chumbani yanakuwa ya kwangu.

Sasa nyie ambao mitaa yenu ilipata lami na mitaro enzi zile za TSCP (ule mradi wa miji ya kimkakati), kwenu walianzia wapi, na wa mwisho kule chini ilikuwaje? Nahitaji majibu kabla ya Jumamosi maana mkutano unarudi tena, na mama mdogo kasema safari hii anakuja mwenyewe, sijui atakaa upande gani.