Lokidauni ikija tena, kaya ya Mwanza itahimili siku 21?

Mnadani (mwanzisha mada)
Wakuu, tuliongee hili bila ushabiki wa vyama. Machi 2020 Rwanda walifunga tarehe 21, Uganda wakafuata mwishoni mwa mwezi, Kenya wakaweka kafyu kuanzia tarehe 27. Sisi tulifunga shule, masoko na nyumba za ibada vikaendelea. Wapo wanaosema tuliponea hapo, wapo wanaosema tulicheza na moto. Swali langu ni la jikoni: ugonjwa mwingine ukija na serikali ikafunga watu ndani wiki tatu, kaya ya kula leo kwa pesa ya leo itafika?

Hesabu yangu ni ya watu watano, wakubwa wawili na watoto watatu, ugali mchana na usiku. Unga kilo 2 kwa siku, jumla kilo 42. Maharage siku 12 kwa nusu kilo, yaani kilo 6. Dagaa siku 9 kwa robo, kilo mbili na robo. Mafuta lita 3, sukari kilo 4, sabuni ya mche, chumvi, mkaa gunia moja. Msimamo wangu: inawezekana, mradi serikali itangaze wiki sita kabla watu wakusanye kidogo kidogo. Na dagaa nunueni wa kichanja, yaani wa kuanikwa juu ya meza ya fito na wavu. Wale wa kuanikwa mchangani ni chakula cha kuku, msijaze ndani.

Mtumbwi wa Giza
Mkuu, hao dagaa kabla hujawanunua lazima mtu awavue. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, hapo tu zimeshaondoka kama siku 10 kila mwezi. Sasa weka kafyu ya Uganda ya 2020, saa 1 jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Hakuna mtumbwi utakaoshuka majini. Anayepika chakula cha wavuvi hana kazi, mwanikaji hana cha kuanika, mbeba magunia wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hana gunia. Hesabu yako ya matumizi ni nzuri, ila mapato umeyaweka wapi?

Bibi Bukindo
Chakula cha kuku umemwambia nani, Mnadani? Nusu ya visiwa vya Ukerewe vimesoma kwa dagaa hao hao wa mchangani.

Tuambizane ukweli. Kichanja kinataka nguzo, fito na wavu wa matundu madogo, na ukitumia miti laini mchwa wanamaliza nguzo kabla hujarudisha pesa. Mwanikaji anayenunua ndoo mbili tatu kwa siku anatoa wapi mtaji huo? Mchanga ni bure. Mchanga unatoka dagaa akioshwa, ila watu hamjui kuosha. Unachukua beseni pana, maji ya vuguvugu mengi, unamwaga dagaa, unakoroga kwa vidole, halafu unamtoa dagaa kwa mkono kutoka juu. Usimwage kwenye chujio, maana ukimwaga, mchanga uliotulia chini unarudi wote juu ya samaki. Rudia mara tatu, ukiona beseni ya tatu chini ni safi umemaliza. Toa vichwa ukitaka, kaanga.

Mnadani
Bibi, sikutukana mtu. Ila mchanga wenyewe ni tatizo dogo. Dagaa wa chini anakauka upande mmoja, wa chini ya rundo anabaki na unyevu, na kuku na mbwa wanapita juu. Juu ya kichanja upepo unapita pande zote, jua likiwa kali wa asubuhi jioni amekauka. Huyo ndiye wa kuweka akiba.

Bibi Bukindo
Mbwa wa nani? Njoo Bukindo unionyeshe mbwa juu ya dagaa wangu.

Ng'wana Misungwi
Mnagombania mchanga wakati adui ni mvua. Machi mpaka Mei ni masika, na lokidauni ya majirani iliangukia hapo hapo. Dagaa akinyeshewa siku mbili anageuka kahawia, tumbo linapasuka, anakatika vipande, na huyo kweli ndiye anayeuzwa kwa watengeneza chakula cha mifugo, awe wa mchangani au wa kichanja. Mzuri unamjua hivi: ana rangi ya fedha inayong'aa, ukimkunja anavunjika kwa mlio, harufu ni ya samaki na si ya uchachu, na ukikamata konzi mkononi ukaachia hawashikani.

Kumtunza, sikilizeni maana wengi mnapoteza pesa hapa. Usimfunge kwenye mfuko wa nailoni akiwa bado na joto la jua. Anatoa jasho ndani, kesho kutwa kuna ukungu mweupe. Mwache apoe kivulini, ndipo umweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Gunia lisikae juu ya sakafu ya saruji, weka mbao chini, maana saruji inapitisha unyevu. Kila wiki mtoe juani kwa muda wa saa mbili tatu. Ukiona mabuu yenye manyoya, hayo ni ya wale wadudu weusi wanaokula samaki mkavu. Anika juani juu ya turubai jeusi, chekecha, rudisha. Na kwa jina la Mungu msimpake ile dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi. Ile ni sumu ya kwenye nafaka zenye maganda, si ya kitu unachotupia sufuriani.

Jiwe Kuu
Nawasoma nacheka. Mnasema kaya "ikusanye wiki sita kabla". Mtu anayenunua mafuta ya kupimiwa ya mia tano, mkaa wa kopo na umeme wa LUKU wa elfu moja akusanye na nini? Anayejua bei ya gunia ni mwenye pesa ya gunia. Maskini ndiye anayenunua ghali kuliko wote, na analijua hilo vizuri, hana pa kukwepea tu. Mnadani inaonekana unaandikia Capri Point kwa wenye nazo, ukiwa na friji inayounguruma.

Mnadani
Jiwe Kuu, hunijui na hujui ninapokaa. Jibu hoja. Sh 1,000 kila siku kwa wiki sita ni sh 42,000. Sijasema gunia, nimesema kidogo kidogo.

Jiwe Kuu
Na hiyo elfu moja ya kila siku unaitoa kwenye mdomo wa mtoto yupi? Taja.

Fundi Luku
Kwa kuwa friji imetajwa. Kwa bei za 2020, tarifu 4 ni uniti 75 za kwanza kwa mwezi sh 100 kila moja kabla ya kodi. Ukivuka 75, kila uniti inayofuata ni sh 350. Si nyongeza ndogo, ni mara tatu na nusu. Siku za kawaida watoto wako shule, mama sokoni, nyumba inakula uniti 1.5 mpaka 2 kwa siku na hamvuki. Fungieni watu ndani: televisheni ya wati 80 saa 10 ni 0.8, friji ndogo inayofunguliwa kila dakika inafika 1.5, feni na taa nusu uniti. Tayari 2.8. Kufungwa kukirefuka mwezi mzima, siku ya 27 mmeshavuka 75, na zile za mwisho ndizo zinazouma. Pasi ya wati 1,000 saa moja ni uniti nzima, ziacheni nguo na mikunjo yake, hakuna mtu wa kuwaona. Gharama hii hakuna aliyeiweka kwenye bajeti.

Kijumbe Mstaafu
Wala kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, hakuna aliyekiweka, na ndicho kitakachowagombanisha majirani kuliko ugonjwa wenyewe.

Chukua watu 10, kila mmoja sh 5,000 kwa siku, anayepokea anachukua 50,000. Siku ya nne lokidauni inatangazwa. Waliokwisha kula ni 4, wametoa 20,000 kila mmoja na wamepokea 50,000, kwa hiyo kila mmoja ana 30,000 ya wenzake, jumla 120,000. Waliobaki 6 wametoa 20,000 kila mmoja, jumla 120,000, hawajapata hata senti. Biashara zimesimama. Aliyekula atasema "serikali imefunga, nitoe wapi?" Na ana haki. Asiyekula anataka chake anunue unga. Naye ana haki.

Cha kufanya: kijumbe kisivunjwe, kigandishwe. Andikeni daftarini siku hiyo hiyo nani amekula, nani bado, wote wasaini au waweke dole gumba. Mkirudi mnaanzia mtu wa 5. Mkiruhusu mmoja tu arudishiwe chake "kwa sababu ana mgonjwa", wale watano waliobaki wote watapata wagonjwa jioni hiyo.

Dada wa Vikoba
Kaka Kijumbe hapo mwisho umekosea heshima. Mgonjwa ni mgonjwa. Ndiyo maana kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kina mfuko wa jamii pembeni ya hisa, hautoki kwenye hisa za mtu. Kijumbe hakina, ndiyo tabu yake.

Kijumbe Mstaafu
Dada, kikoba chenu kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, sivyo? Mmoja yuko Igoma, mmoja Nyegezi, mmoja Buswelu. Daladala hazitembei. Huo mfuko wa jamii mtaufungua kwa nyundo?

Dada wa Vikoba
Tutafungua mapema, kabla. Kikao cha mwisho mnahesabu mbele ya wote, mfuko wa jamii unahamishiwa kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kikundi, namba ya siri mnaigawa, katibu nusu na mweka hazina nusu. Mikopo yenye riba ya mwezi mnasimamisha riba kwa muda wa kufungwa, mnaandika kwenye muhtasari. Kikundi kikiendelea kuhesabu asilimia 10 ya mwezi kwa mtu ambaye meza yake ya nyanya imefungwa kwa amri, mkirudi mtakuta mmeua mwanachama na hisa zake.

Jiwe Kuu
Laini ya simu! Mei 2020 Benki Kuu ilipandisha kiwango cha salio la pesa kwenye simu kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Mama ntilie wa Mabatini alifurahi sana, zile milioni zake zilikuwa zimebanana.

Fundi Luku
😂😂 Jiwe Kuu wewe.

Mtumbwi wa Giza
Bado nasubiri mtu anijibu kuhusu kafyu na uvuvi.

Mwalimu Pasiansi
Mmesahau watoto. Kula kwao kunaongezeka wakiwa nyumbani, shule zilipofungwa Aprili 2020 uji wa saa nne ulihamia...

Ng'wana Misungwi
Mwalimu, ni tarehe 17 Machi, si Aprili. Vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, wengine wote 29 Juni. Miezi mitatu na zaidi. Na hapo ndipo hesabu ya Mnadani ya kilo 2 inapopasuka, mtoto aliye ndani anakula mara nne.

Mnadani
Sawa, weka kilo 2.5. Kilo 52 na nusu. Debe tatu za mahindi zinatosha.

Ng'wana Misungwi
Hazitoshi ukikoboa. Debe ni kilo 18 mpaka 20. Debe tatu tuseme kilo 57, sembe utapata kama 42, zinazobaki ni pumba za mwenye mashine. Ukisaga dona unapata karibu zote, ila dona ina kiini chenye mafuta, wiki ya tatu ya nne inaanza uchungu. Kwa hiyo usisage zote. Saga debe moja moja, mahindi mengine yakae mazima kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Dumuzi waliomo wanakufa kwa kukosa hewa, dawa huhitaji. Panya akitoboa, kazi imekwisha, kwa hiyo ininginize au weka mbali na ukuta.

Bibi Bukindo
Na mashine ya kusaga itakuwa wazi siku ya kufungiwa? Ndiyo maana visiwani tunaweka udaga. Muhogo mkavu unatwanga mwenyewe kwenye kinu, huombi ruhusa ya mtu. Lakini mwenye vichanja atasema nao ni chakula cha kuku.

Mnadani
Bibi yameisha jamani.

Bibi Bukindo
Kwako. Huyo mbwa bado hujanionyesha.

Mtumbwi wa Giza
Basi nijijibu mwenyewe. Wakifunga, watoe vibali vya mtumbwi kupitia BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha kila mwalo, majina ya wavuvi yako kule tayari. Mtumbwi ushuke saa 11 jioni kabla ya kafyu, urudi kukicha, mauzo yafanyike mwaloni saa 1 mpaka saa 4 asubuhi. Bila hivyo mnafungia watu ndani na ziwa nalo mnalifunga.

Dada wa Vikoba
BMU ya kwetu kupata kibali ni lazima umjue mtu. Ila nauliza, hakuna aliyetaja michembe, viazi vitamu vya kukausha. Inakaa muda gani?

Ng'wana Misungwi
Dada, michembe mbichi iliyokatwa nyembamba na kukauka mpaka inagonga kama mbao inamaliza mwaka kwenye chombo kikavu. Matobolwa, yale yaliyochemshwa kwanza, ni matamu zaidi ila yanavutia wadudu mapema, yale kwanza. Kupika: kilo moja, maji lita tatu, loweka saa moja, chemsha dakika 40, tia karanga zilizotwangwa mwishoni. Maji usimwage, ndiyo utamu wake.

Dada wa Vikoba
Wabeja sana. Na chumvi?

Jiwe Kuu
Chumvi kwenye michembe? Dada umetokea wapi wewe?