Kupandisha vyeo wahadhiri: daraja la jarida, idadi ya kunukuliwa, au kusoma kazi zenyewe?

Mhadhiri_Moro
Ndugu wanajukwaa, nimeteuliwa katika kamati inayoandaa vigezo vya kupandisha vyeo idarani kwetu, na mapendekezo yaliyo mezani ni matatu. La kwanza ni kutoa alama kwa daraja la jarida, yaani makala iliyotoka katika jarida la robo ya kwanza, yaani ya juu kabisa, kwenye orodha ya SCImago, inayopanga majarida kwa jinsi makala zake zinavyonukuliwa, ipate alama zote, na iliyotoka katika jarida lisiloorodheshwa isipate kitu. La pili ni kuangalia mwandishi mwenyewe amenukuliwa mara ngapi, pamoja na fahirisi ya h aliyoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 (mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10). La tatu ni la siku nyingi: wataalamu wa fani wasiokuwa na uhusiano na mwombaji wasome kazi zake chache zilizo bora, kisha waandike maoni yao.

Wenzangu wengi wanaelemea la kwanza kwa kuwa ni jepesi na linaonekana halina upendeleo. Mimi nasita, kwa sababu nililiona likitumika nilikokuwa nikifundisha zamani. Mwenzetu mmoja alitumia miaka mitatu kukusanya msamiati wa wavuvi wa Pemba, kuanzia majina ya pepo hadi dema, wando na marengu ya ngalawa, akauchambua katika makala aliyoiandika kwa Kiswahili na kuichapisha katika jarida la Kiswahili. Kwenye fomu yake, mbele ya makala ile, paliandikwa sifuri kwa wino mwekundu. Nilikuwapo kikaoni, nakala ya makala ilikuwa mezani, na hakuna mjumbe aliyeifungua.

Bi_Takwimu
Mwalimu, kusita kwako kuna msingi hata kihesabu. Kipimo cha athari cha jarida hupatikana kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa katika mwaka unaopimwa, kisha kugawa kwa idadi ya makala hizo. Huo ni wastani, na mara nyingi wastani huo hubebwa na makala chache tu. Jarida la Acta Crystallographica Section A lilikuwa na kipimo cha takriban 2 mwaka 2008, na mwaka uliofuata kikaruka hadi karibu 50. Sababu kubwa ilikuwa makala moja ya George Sheldrick kuhusu programu za SHELX, ambazo wataalamu wa fuwele huzitumia na kuzitaja katika kazi zao. Waliochapisha humo kipindi hicho hawakuwa wameongeza hata sentensi moja katika makala zao, lakini kwa pendekezo la kwanza wote wangevuna alama za Sheldrick. Ndiyo maana Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia katika mkutano wa Desemba 2012, linataka kipimo hicho kisitumike kupima makala moja moja wala mtafiti mmoja mmoja.

MwanaMaabara
Natofautiana nanyi kwa kiasi. Mahali pasipo na kigezo cha nje, cheo humwendea anayefahamiana na wakubwa, na mimi nilipokuwa kijana daraja la jarida ndilo lililonikinga. Isitoshe, yako majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ndani ya wiki moja mradi umelipa, na orodha husaidia kuyachuja. Pendekezo la pili sina imani nalo kabisa, kwa kuwa makala ya tiba hunukuliwa haraka kuliko ya historia au hisabati, na wote hao wataketi mbele ya kamati moja.

Msomaji_Mstaafu
Ndugu MwanaMaabara, hofu yako ni ya kweli, ila Australia walikwisha kuipita njia hiyo. Katika tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2010 waliyapanga majarida kwa madaraja ya A*, A, B na C. Mwaka 2011 waziri Kim Carr aliyaondoa madaraja hayo, baada ya kuonekana kwamba wakuu wa utafiti vyuoni walikuwa wakiyageuza kuwa malengo ya kuchapisha. Matapeli wazuiwe mlangoni: kamati iulize kama jarida lina wahariri wanaojulikana na kama makala zake huhakikiwa kweli, na jibu liwe ndiyo au hapana, bila alama. Akishaingia ndani, mtu asomwe.

Mhadhiri_Moro
Nawashukuru sana. Nitapendekeza sharti hilo la mlangoni, kisha kazi nne za kila mwombaji zisomwe na wataalamu wawili kutoka nje ya chuo, ambao wote wawili wawe wanaisoma vizuri lugha ambayo kazi imeandikwa. Najua nitakachoulizwa kwanza ni posho ya wasomaji hao na muda watakaopewa. Ambao vyuo vyenu vinafanya hivyo, naomba mniambie mnawalipaje na mnawasubiri kwa miezi mingapi, kwa sababu kikao chetu ni Alhamisi.