Daktari kaniandikia dawa za sonona, siku ya 11 pakiti bado ipo kwenye droo. Ninywe au niache?

Mzigo wa Asubuhi

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mimi ni mwanaume, miaka 38, nina mke na watoto wawili. Ni mwezi wa saba sasa sijaamka nikajiona mzima. Siumwi popote pa kuonyesha kwa kidole, ila mwili ni mzito kama nimelaliwa na gunia. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Mpira nilikuwa sikosi, siku hizi naangalia mpaka dakika ya mwisho halafu sijui nani kafunga. Kazini barua moja naisoma mara nne. Mwanangu mdogo akinikimbilia mlangoni natabasamu kwa sababu najua hapo inatakiwa nitabasamu. Hilo la mtoto ndilo lililonipeleka hospitali.

Daktari aliniuliza yale maswali 9, nikapata 17 kati ya 27. Akapima damu na tezi ya shingoni, akasema majibu ni mazuri, tatizo ni sonona na imeshavuka kiwango cha kati. Kaniandikia fluoxetine miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi, nirudi baada ya wiki mbili. Zimebaki siku tatu nirudi na sijameza hata kimoja.

Kaka yangu mkubwa kasema hizo ni dawa za vichaa na ukianza huachi hadi kaburini. Nikaingia mtandaoni kutafuta kitu cha kumjibu, nikakutana na habari kwamba wanasayansi wenyewe wamegundua si kweli kwamba sonona inatokana na upungufu wa serotonini, ile kemikali ya ubongo. Nikafungua karatasi iliyomo ndani ya boksi, nikakuta inaonya kuhusu mawazo ya kujiua. Yaani dawa ya kuondoa huzuni inaleta hayo? Na kuna madhara mengine yanahusu chumbani, nadhani mmenielewa.

Waliopitia hili naombeni ukweli. Matusi niwekeeni akiba.

Kifaru Mpole

Usinywe mkuu. Wewe huumwi, umechoka. Amka alfajiri, kimbia kilomita tatu, sali, achana na simu usiku. Biashara ya vidonge ni kubwa na inahitaji wateja wa maisha.

Mama Wawili

Pole sana kaka yangu. Hilo la kutabasamu kwa sababu inatakiwa limenigusa, mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakuna aliyegundua.

Nilipewa escitalopram, dawa ya kundi moja na hiyo yako. Wiki ya kwanza nilitamani kuirudisha: kichefuchefu, mikono inatetemeka kidogo, wasiwasi ukapanda badala ya kushuka. Wiki ya tatu sikuona kitu, nikamwambia mume wangu tumeliwa. Wiki ya tano nikajikuta naimba huku nakunja nguo, nikashtuka kabisa nikajiuliza nani anaimba. Watu wanadhani dawa inakuletea furaha. Hapana. Ilinipunguzia kelele za kichwani nikaweza kusikia mambo mengine. Huzuni za kawaida nilizipata kama kawaida, msiba nililia vizuri tu.

La chumbani nisikudanganye, lipo. Kwangu hamu ilipungua na kufika mwisho kukawa safari ndefu. Lakini jiulize, sasa hivi bila dawa hali ikoje? Kwangu sonona ilikuwa imeshalimaliza jambo hilo kabla sijameza chochote. Nilimwambia daktari bila kuficha, akarekebisha dozi. Ongea na mkeo mapema, asije akadhani kuna mtu mwingine.

Mzee wa Takwimu

Kifaru, ungesoma uzi kwanza. Mtu kasema miezi saba, wewe unampa kilomita tatu.

Mleta uzi, hiyo habari uliyoisoma ina ukweli ndani yake, tatizo ni wapi watu wanaipeleka. Mwaka 2022 mtafiti Joanna Moncrieff na wenzake walipitia mkusanyiko mkubwa wa tafiti kuhusu serotonini, wakasema hawaoni ushahidi unaoeleweka kwamba sonona inatokana na upungufu wake. Ile hadithi ya "kemikali zimepungua kichwani" ilikuwa rahisi mno tangu mwanzo, na ilivuma sana baada ya fluoxetine kuidhinishwa Marekani mwaka 1987. Wanaoikosoa wana haki.

Ila swali la ugonjwa unatoka wapi ni moja, na swali la kidonge kinasaidia au hakisaidii ni jingine. Mkongojo unamsaidia aliyeteguka, na hakuna anayesema mguu wake ulipungukiwa mbao. Halafu kumbuka dawa hizi zilitangulia, nadharia ikafuata nyuma. Miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazid walianza kuchangamka wodini, madaktari wakabaki wanajiuliza kulikoni.

Sasa kama zinasaidia. Mwaka 2008 mtafiti Irving Kirsch alionyesha kwamba tofauti kati ya dawa na kidonge bandia (kisicho na dawa ndani) kwa wastani ni ndogo, na inaanza kuwa ya maana kwa wale wenye sonona kali sana. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na timu yake wakakusanya majaribio 522 ya dawa 21, watu zaidi ya 116,000, wakakuta zote 21 zimeshinda kidonge bandia. Kila upande ukachukua karatasi yake ukaenda kushangilia. Ukizisoma bila ushabiki, hazigombani sana: dawa zinafanya kazi, kwa wastani si kwa kishindo, na majaribio mengi ni ya wiki nane hivi, kwa hiyo hayajibu vizuri swali la mtu aliyemeza miaka kumi. Na wastani ni wastani. Ndani yake yupo Mama Wawili aliyeanza kuimba na yupo mtu ambaye alipata kichefuchefu tu.

Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2022 unasema kwa sonona nyepesi dawa zisiwe jambo la kwanza kupewa mgonjwa, labda azitake mwenyewe. Mstari waliuweka kwenye alama 16 za maswali yale yale uliyoulizwa. Wewe una 17. Upande wako wa mstari wanapendekeza kwanza dawa pamoja na tiba ya mazungumzo. Hilo la pili sijaona umelitaja.

Niliyeacha Ghafla

Naja upande wa kaka yako kidogo, ana robo ya ukweli.

Nilikuwa kwenye paroxetine, nayo ni dawa ya sonona, ikanisaidia vizuri, baada ya mwaka nikajiona shujaa nikaacha siku moja bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikigeuza macho nasikia kama umeme unapita kichwani. Kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira za kumfokea kila mtu. Nikaamini sonona imerudi mara mbili, kumbe ni mwili unalia umenyang'anywa kitu ulichozoea. Daktari akanirudisha kwenye dozi, tukashusha polepole kwa miezi minne. Nikaacha. Huu mwaka wa tatu sinywi.

Kwa hiyo "huachi hadi kaburini" si kweli, na "hazina shida yoyote kuacha" nayo si kweli. Sikuwahi kuwa na kiu ya kidonge, wala kutafuta cha ziada, kama nilivyoona kwa jamaa aliyenasa kwenye diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi. Ni mwili kuzoea. Hiyo fluoxetine yako ina unafuu kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na inatoka taratibu, lakini nayo usiiache kishujaa kama mimi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naomba nimuulize mleta uzi mambo manne kabla hatujaendelea kubishana juu ya kichwa chake.

Moja, swali la 9 kwenye yale maswali, linalohusu kufikiria ni afadhali ufe au kujidhuru, ulijibu nini? Mbili, umewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, usiku hulali na huchoki, mipango inamiminika, pesa zinatoka ovyo? Kama ndiyo, dawa hizi zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mtu huko, na daktari lazima ajue. Tatu, pombe. Nne, unatumia dawa gani nyingine, hata za kununua mwenyewe dukani?

Kuhusu lile onyo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza liwekwe kwa ajili ya watoto na vijana, mwaka 2007 ikalipandisha hadi umri wa miaka 24. Kwenye majaribio ya rika hilo mawazo na vitendo vya kujidhuru viliongezeka kwa wachache waliopewa dawa. Kwa watu wazima wa umri wako ongezeko hilo halikuonekana. Hata hivyo wiki za mwanzo zinahitaji macho kwa yeyote, ndiyo maana umeambiwa urudi baada ya wiki mbili na si miezi miwili.

Mzigo wa Asubuhi

Nimesoma zote. Asanteni, hata wewe Kifaru.

Nesi, swali la 9 nilijibu "siku chache". Sina mpango wowote na sijatafuta chochote. Ni yale mawazo ya usiku, kwamba nikilala nisipoamka itakuwa nafuu kwa kila mtu. Mke wangu hajui hili. Kuchangamka kupita kiasi sijawahi, natamani. Pombe nimeacha mwaka jana.

Dawa nyingine hapana. Ila mgongo unanisumbua, nakunywa tramadol mara mbili tatu kwa wiki, hizo nilipewa na mfanyakazi mwenzangu. Sikumwambia daktari kwa sababu niliona mgongo na kichwa haviingiliani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Simama hapo hapo. Usianze fluoxetine kabla hujazungumza na daktari kuhusu tramadol. Piga simu kesho, usisubiri siku ya miadi. Zote mbili zinapandisha serotonini, zikikutana zinaweza kukuletea homa, kutetemeka, misuli kukaza, kuchanganyikiwa, na hatari ya degedege inaongezeka. Wengi hawapatwi, lakini mimi nimeshampokea aliyepatwa na sitaki kumpokea wa pili. Juu ya hayo, fluoxetine inazuia tramadol isifanye kazi yake vizuri, mtu anaongeza vidonge akidhani mgongo umezidi. Na dawa za mwenzako zibaki kuwa za mwenzako.

Na lile la usiku, mwambie mkeo leo. Si lazima hotuba. Mwambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Ikitokea mawazo yamegeuka kuwa mpango, hapo hakuna kusubiri miadi wala kuuliza jukwaani, mnakwenda hospitali usiku huo huo.

Dawa ya Tatu

Mimi nipo kwenye kundi ambalo halitajwi: ya kwanza haikufanya kitu, ya pili ikaninenepesha na sonona ipo pale pale, ya tatu ndiyo ikakaa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2006 ambao ni theluthi moja hivi tu waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza. Laiti ningeambiwa hivyo mwanzoni, nisingejihesabu mtu aliyeshindikana. Mleta uzi, ukifika wiki ya sita au ya nane huoni kitu, hiyo ni taarifa ya kumpelekea daktari, basi.

Kingine, mwanasaikolojia wangu hakunihubiria. Aliniandikia ratiba ya vitu vidogo vya kipuuzi: toka nje dakika kumi, mpigie mtu mmoja, nipende nisipende. Nilimdharau wiki mbili nzima.

Kifaru Mpole

Sasa hapo si ndiyo yale yale niliyosema mimi? Toka nje, tembea.

Mzee wa Takwimu

Mazoezi yana ushahidi Kifaru, hapo sikupingi. Kosa lako lilikuwa kuanza na "huumwi".

Mzigo wa Asubuhi

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nilipiga simu asubuhi ile. Daktari alikaa kimya kidogo halafu akanishukuru, akasema kosa ni lake pia kutouliza. Tramadol nimeacha, kanipa paracetamol na kunielekeza kwa wa mazoezi ya viungo, akanionya nisikimbilie ibuprofen wala aspirini kwa sababu zikichanganyika na hii zinaweza kutoa damu tumboni. Nilisubiri siku kadhaa alizoniambia, ndipo nikaanza fluoxetine. Leo ni siku ya sita. Kichefuchefu kipo, usingizi bado mbovu, na sijaona ninyi mliokuwa mnaimba mliimbia wapi. Miadi ya mwanasaikolojia ni wiki ijayo.

Kaka nilimwambia. Kasema nitakuja kujuta, halafu jioni akapiga simu tena kuuliza kama nimekula. Sijui niiweke upande gani hiyo.

Mama Wawili

Siku ya sita ni mapema mno kaka, hata mimi nilikuwa nalaani tu. Meza ukiwa umeshakula, kichefuchefu kinapungua. Na usiipeleke jioni, itakumalizia hata huo usingizi kidogo uliobaki.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Vizuri. Usiongeze vidonge mwenyewe na usiruke siku kwa sababu ya kichefuchefu. Ukianza kuhisi huwezi kutulia sehemu moja, unazunguka tu chumbani, piga simu mapema. Mkeo anajua tarehe uliyoanza?

Mzigo wa Asubuhi

Anajua. Na lile la usiku anajua. Alilia, kisha akaenda kulala upande wangu wa kitanda, ule wa karibu na mlango.