Mwanangu anataka kuacha shule miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu kijana wangu wa kwanza, ana miaka 17. Wiki iliyopita alinijia usiku, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba harudi tena shule. Afadhali angefoka. Utulivu ule ndio ulionitisha.

Hajafukuzwa, na ada imelipwa. Anasema hesabu zimempita tangu mwaka juzi, na kila akikaa kwenye mtihani wa majaribio mikono inamtetemeka, alichosoma chote kinayeyuka. "Bora niache mwenyewe kuliko nifeli kila mtu aone." Siku hizi anashinda kwa fundi simu, na kusema kweli mkono wake ni mwepesi, wateja wanamuulizia.

Baba yake anataka arudishwe kwa nguvu. Mimi naogopa tutapeleka mwili tu. Nimewaza tukae na mwalimu wake wa darasa, tuulize kama anaweza kuahirisha mwaka mmoja kisha afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini nawajua walioahirisha "kidogo" wakapotelea huko huko, mdogo wangu akiwa mmojawapo.

Mliopitia haya, kama wazazi au kama wanafunzi, nini kiliwasaidia? Na huko kutetemeka, nimpeleke kwanza kwa mshauri nasaha kabla hatujagusa habari za shule? Usajili wa mtihani ulishafanyika, na yeye daftari hajalifungua tangu siku ile.