Re: Anlagenmechaniker kwa Kiingereza ni nani? Wamenifanya fundi wa magreda

Fundi wa Kassel ameandika:

Habari za jumapili ndugu zangu,

Naomba msaada na msinicheke. Mnanijua, mimi ni fundi bomba, nimesomea hapahapa Kassel, Ujerumani, miaka mitatu na nusu, Gesellenbrief (cheti cha ufundi) ninayo, imeandikwa Anlagenmechaniker für Sanitär-, Heizungs- und Klimatechnik, jina refu kuliko paipu zenyewe. Sasa mimi na mama watoto tunafikiria kuhamia Kanada, shemeji yangu yuko Ontario, basi nikapeleka cheti na ile Arbeitszeugnis ya kazini, barua ya bosi ya kunisifia, kwa mtu mmoja anatafsiri kwa bei poa, siku mbili akanirudishia, Kiingereza kimenyooka mi nikaona sawa nikatuma kwa kampuni tatu huko.

Moja ikanipigia. Dada wa kwenye simu mpole kabisa, akaniuliza uzoefu wangu wa haidroliki ni miaka mingapi. Mi kusikia haidroliki nikajua ni hydraulischer Abgleich, ile kazi ya kubalansi maji ya hita ili radieta ya ghorofa ya nne nayo ipate moto na ya chini isile peke yake, nikamwaga maelezo dakika tano nzima na mifano juu. Kimyaa. Alafu akauliza, je ekskaveta umeshashika za tani ngapi?

Simu ilipokatika nikakaa kusoma ile tafsiri polepole. Juu nimeandikwa "plant mechanic". Katikati, pale bosi alipoandika "Er betreute selbstständig die Anlagen unserer Kunden", imekuwa "He independently managed the investments of our customers". Yaani mimi nasimamia uwekezaji wa wateja, mimi ambaye ikifika tarehe 20 akaunti imeshalia. Na chini kabisa kule mwisho "Anlagen: 2" imekuwa "Plants: 2". Miche miwili.

Sasa hili neno Anlage ni mdudu gani? Na kwa Kiingereza nijiiteje ili mtu ajue nafunga vyoo na hita?

---

Dada wa Leipzig ameandika:

Kaka pole jamani lakini hiyo ya miche miwili nimeisoma ndani ya tramu watu wakanigeukia.

Mimi nipo ofisi ya mambo ya kodi, kwetu Anlage ni karatasi tu hakuna kingine. Anlage N ya mshahara, Anlage Kind ya watoto, Anlage KAP ya faida za hisa na riba za benki. Wiki yangu ya kwanza bosi akasema "da fehlt die Anlage", yaani Anlage haipo, nikaenda kuangalia kama printa imechomolewa. Kwenye barua ukiona Anlagen na namba maana yake nimeambatisha karatasi kadhaa, zihesabu usije ukaambiwa hazikuwemo. Kwa hiyo ile 2 yako ni "Enclosures: 2", au ikiwa ni imeli "Attachments".

Alafu kitu kimoja watu hawakijui. Ukimaliza Ausbildung (mafunzo ya ufundi) una haki ya kuomba cheti chako cha mtihani kije na tafsiri ya Kiingereza na ya Kifaransa, unaomba kwa waliokutahini, wewe ni Handwerkskammer, chemba ya mafundi. Na pale BIBB, taasisi ya Ujerumani ya mafunzo ya ufundi, kwenye tovuti yao kuna karatasi iitwayo Zeugniserläuterung, kila fani ina yake, inaeleza kwa Kiingereza mtu wa fani hiyo anaweza kufanya nini, unaipakua bure. Usishangae ukikuta neno plant limo humo pia, ila chini yake kuna orodha ya kazi na hiyo orodha ndo itakayokuokoa.

Mzee wa Hamburg shikamoo, hapa tunakusubiri wewe.

---

Mzee wa Hamburg ameandika:

Marahaba binti yangu. Mwanangu wa Kassel, pole na ekskaveta.

Nimestaafu uhandisi sasa nina muda, vumilieni barua ndefu.

Anza na kitenzi chenyewe, anlegen. Nenda pale Landungsbrücken, gati la vivuko hapa Hamburg, uangalie kivuko kinavyokuja kutia ubavu gatini, wanasema das Schiff legt an. Bustani ukiipima na kupanga matuta, anlegen. Faili jipya la mgonjwa, anlegen. Bandeji kwenye kidonda, anlegen. Hela ukiziweka mahali zizae, anlegen. Kwa hiyo Anlage ni kitu kilichowekwa mahali, kikapangwa, kikakaa kifanye kazi yake. Mjerumani hajali kama ni chuma, majani, karatasi au pesa, hata kipaji alichozaliwa nacho mtoto anakiita Anlage. Mwingereza yeye anajali, anakulazimisha uchague, na hapo ndipo mtafsiri wako alipoteleza.

Mara nyingi dawa iko kushoto, kwenye neno lililobandikwa mbele. Klimaanlage ni kiyoyozi. Sprechanlage ni ile ya mlangoni ya kuongea na mtu aliyebonyeza kengele. Kläranlage ni kule maji taka yanakosafishwa, Brandmeldeanlage ni king'ora cha moto na waya zake zote, Grünanlage ni bustani ya manispaa, kwa hiyo ile miche yako miwili ingepata pa kupandwa. Shida ni neno likikaa peke yake kama kwenye barua ya bosi wako. Hapo angalia nani anaongea. Fundi bomba akisema Anlage ni boila na paipu zake na pampu na radieta zote kwa pamoja, mtu wa benki ni uwekezaji, karani ni kiambatisho, wakili ni nyongeza ya mkataba. Mtafsiri aliona betreute (alihudumia), akaona Anlagen, akaona Kunden (wateja), akasikia harufu ya benki. Mimi simlaumu sana maana sentensi hiyohiyo ingeandikwa na benki tafsiri yake ingekuwa sahihi bila kosa hata moja. Namlaumu kwamba hakuangalia barua imetoka kwa nani, na juu kabisa kuna nembo ya kampuni ya mabomba.

Kwa vitu vya ndani ya nyumba sema "system", heating system, ventilation system, hutakosea. "Plant" waachie wenye viwanda na umeme, ingawa kwenye majengo makubwa kile chumba cha chini chenye boila na pampu wanakiita plant room, hapo ni halali. "Installation" utaikuta kwenye sheria za mazingira za Ulaya, ukiona kiwanda kinaombewa kibali ndo hiyo. Nyongeza ya sheria ni annex, ya mkataba wa Waingereza ni schedule, na schedule hiyo si ratiba, msije mkatafsiri vibaya upande huo nao.

Na msimcheke Mwingereza kwa plant yake, sisi wenyewe tuna "mitambo". Matangazo yakikatika ni hitilafu ya mitambo. Bwawani kuna mitambo ya kufua umeme. Na anayetafutwa kwenye tangazo la kazi la "mwendesha mitambo" ni wa greda na buldoza. Mwambie mtu wa Morogoro wewe ni fundi mitambo uone kama hatakuletea katapila iliyogoma.

Jambo jingine. Kuna Anlagenmechaniker wawili. Kuna wewe wa SHK, yaani Sanitär, Heizung, Klima, fani yako ilizaliwa mwaka 2003 walipounganisha mafundi wawili wa zamani, yule wa gesi na maji na yule wa hita na hewa. Alafu kuna Anlagenmechaniker mtupu wa viwandani, anayeunda matangi na mabomba makubwa, huyo mtihani wake ni wa IHK, chemba ya viwanda na biashara. Ukikata hayo maneno marefu ya nyuma kwa kuona yanajaza ukurasa, umeshakuwa mtu mwingine.

Na wakati unarekebisha, angalia na Wartung. Watu wanaandika "maintenance" kila mahali. Kwa Wajerumani, kwenye kiwango chao cha DIN 31051, mwavuli ni Instandhaltung, chini yake kuna Wartung ambayo ni sevisi, Inspektion ya kukagua, Instandsetzung ya kutengeneza kilichokufa, na kuboresha. Ukiita zote maintenance anayesoma atadhani kazi yako ni kubadilisha filta tu.

---

Shem wa Kitchener ameandika:

Shem, kumbe mambo unayaleta huku kabla hujaniuliza mimi. Haya.

Mji wenyewe ninaokaa uliitwa Berlin mpaka 1916, lakini usidhani kuna mtu hapa atakuelewa ukimwambia Anlagenmechaniker. Huku jina si kitu, wanaangalia namba. Uhamiaji wana orodha ya kazi inaitwa NOC. Plumber ni 72300, wa mabomba ya mvuke na ya viwandani ni 72301, wa hita na friji na viyoyozi ni 72402. Sasa wewe ukijiita plant mechanic mtu atakusukuma 72400 ya mashine za viwandani au 72401 ya mitambo mizito, hiyo ndo ekskaveta yako. Na ukishachagua namba, kazi zilizoandikwa kwenye barua ya bosi lazima zifanane na zile za kwenye namba, usikopi neno kwa neno tu, wanajua.

Hiyo barua sasa. Arbeitszeugnis ya Kijerumani inakusifia lakini haisemi ulikuwa unafanya kazi saa ngapi kwa wiki wala mshahara. Uhamiaji huku wanavitaka vyote viwili, pamoja na cheo, tarehe na kazi zenyewe, kwenye karatasi ya kampuni na sahihi. Kwa hiyo muombe bosi barua nyingine kabisa, fupi, hata aandike Kiingereza moja kwa moja umpunguzie mtafsiri dhambi.

Alafu kitu kitakachokuuma. Ujerumani mtu mmoja anashika maji na hita na hewa. Ontario wamevigawa kama nyama ya sikukuu. Kwa namba za fani za Ontario, tofauti na zile za NOC, plumber ni 306A, steamfitter (wa mabomba ya mvuke) 307A, friji na esi 313A, wa mabati ya hewa 308A, na zote hizo ni lazima uwe na cheti ndo ushike spana. Gesi nayo ni leseni yake pembeni chini ya TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya Ontario. Unapeleka karatasi zako Skilled Trades Ontario wanapima kama uzoefu wako unatosha, wakiridhika unakaa mtihani. Mi nakushauri 306A maana nyumba nyingi huku zinapashwa moto kwa hewa, kuna finesi (furnace) chini inapuliza kwenye mabati, hizo radieta zako za maji utazikuta kwenye nyumba za kizamani na majengo makubwa. Kwenye wasifu andika hydronic heating, yaani hita za maji, hilo neno wanalijua.

Dada yangu mwambie nampigia kesho.

---

Mdau wa Birmingham ameandika:

Nachomekea tu. Uingereza huku ndo mbaya zaidi, barabarani kuna mabango ya "plant hire" na mara ya kwanza mke wangu alidhani wanakodisha maua ya harusi. Ni mitambo ya ujenzi. Plant mechanic huku ni fundi wa JCB na ekskaveta, mtu mwenye heshima zake na mshahara wake, ila siye wewe. Wewe huku ni "plumber and heating engineer", na usiogope hiyo engineer, hapa fundi wa boila anaitwa engineer bila kusoma chuo kikuu. Gesi usiguse bila kusajiliwa Gas Safe, rejista ya mafundi gesi.

---

Fundi wa Kassel ameandika:

Shikamoo mzee, na wengine wote asanteni sana, shem nimekoma.

Nimetafuta mtafsiri aliyeapishwa kupitia ile orodha ya mahakama mtandaoni. Huyu mama wa pili kabla hata ya bei aliniuliza "wewe mikono yako inafanya nini mchana kutwa", nikamtumia na picha za kazi. Jina la Kijerumani kwenye cheti ameliacha kama lilivyo, pembeni ameweka maelezo yake kwa Kiingereza, anasema cheti hawezi kukipa jina jipya maana yeye anatafsiri hatoi vyeti. Nimeona ni sawa. Ile sentensi ya uwekezaji sasa inasomeka "He independently serviced and repaired our customers' heating and drinking water systems". Ndefu kidogo lakini ni mimi.

Bosi naye nilimuonyesha tafsiri ya kwanza akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya silikoni. Barua mpya kaniandikia, saa 39 kwa wiki, mshahara, kazi zote. Tatizo amesaini akaongeza kwa kalamu pale chini "Anlage: 1", na bahasha nimeifungua mara tatu, ndani kuna barua peke yake.

---

Dada wa Leipzig ameandika:

Hahaha mrudie kesho asubuhi kabla hajaenda saiti. Na usikubali akwambie ataituma baadaye, hiyo moja huenda ndo orodha ya kazi zenyewe.